Alama Tano Kwenye Puli Moja

Kitu cha kwanza alichoniomba fundi hakikuwa spana wala bisibisi. Aliomba chaki. Nikafungua kisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria, nikampa kipande nilichojua kimo humo tangu enzi za marehemu baba, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akisahau chaki katika kila mfuko wa koti na kila pembe ya gari lake. Fundi akaisugua kwenye ukingo wa puli ya kranki, akaigeuza puli kidogo, akasugua tena mpaka akamaliza mduara, kisha akapitisha kitambaa juu juu. Pale chuma kilipokuwa laini chaki ikatoka. Pale kilipokatwa ikabaki. Tukainama wote wawili na tochi, tukiimulika puli kwa ubavu ili kila kijishimo kitoe kivuli chake. Tulikuwa tunatafuta alama moja. Tukahesabu tano.

Gari lenyewe ni Volkswagen, lile la mgongo wa kobe, la mwaka 1966, lenye injini ya 1300 mgongoni. Karakana ya fundi haina bango. Iko kando ya barabara inayotoka mjini Machakos kuelekea Mumbuni: kiwanja cha udongo mwekundu, mabati upande mmoja, mwembe upande wa pili, na vilima vya Iveti vikitazama kwa nyuma. Nilielekezwa huko na mwuza vipuri aliyechoka kuniuzia plagi. Nilikuwa nimebadilisha plagi mara tatu, koili mara moja na kabureta nimeifungua mpaka nikaiota usiku, na bado gari lilikuwa likipanda Iveti kwa gia ya pili, moto kama jiko, likikohoa kila nilipokanyaga mafuta.

Kabla ya hapo mafundi wawili walikuwa wamelishika. Wa kwanza alilegeza distributa, kile chombo kinachogawia silinda cheche, akaizungusha huku injini ikinguruma, akategea sikio, akakaza. Wa pili alifanya vilevile, akaizungusha upande mwingine. Siwalaumu. Sikio la fundi ni chombo cha thamani, na magari mengi barabarani yanaendeshwa nalo. Lakini injini iliyosimama kivulini bila mzigo hupenda cheche iwahi. Inatulia, inaimba, na mwenye gari analipa akiwa na furaha. Ukweli unakuja mlimani, abiria wanne ndani, injini inapoanza kugonga kama mtu anayetikisa misumari ndani ya mkebe.

Fundi huyu wa Mumbuni, mzee wa miaka sabini na kitu, aliniuliza swali ambalo wenzake hawakuniuliza. “Alama za taimingi ziko wapi, kijana?”

Nikamwambia, “Sijawahi kuziona, Mzee.”

“Basi hao wengine walikuwa wanaweka nini?”

Inafaa nieleze kwa nini swali lile lilikuwa zito. Petroli ndani ya silinda hailipuki kwa mkupuo mmoja. Huwaka, na kuwaka huko huchukua muda, takriban sehemu mbili kwa elfu za sekunde. Ni kitambo kidogo mno, lakini injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, katika kitambo hicho kranki, mhimili unaogeuzwa na pistoni, huwa imegeuka nyuzi 36, yaani moja ya kumi ya mduara mzima. Kwa hiyo cheche lazima itangulie kabla pistoni haijafika kileleni. Aliyewahi kuwatazama wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja anaijua kanuni hii bila kufundishwa. Mchi wa pili huanza safari yake wakati wa kwanza bado unatoka. Ukingoja mpaka wa kwanza utoke kabisa, kazi inalala. Ukiwahi mno, michi inagongana. Injini iliyochelewa hupoteza nguvu na kuchemka. Iliyowahi mno hugonga, na kugonga huko, kukiachwa, hutoboa pistoni.

Kiwanda kilikata shauri mapema kuhusu gari kama hili: injini ikiwa imezimwa na ikiwa baridi, cheche ya silinda ya kwanza iwekwe nyuzi 7.5 kabla ya kilele. Kuanzia hapo distributa yenyewe huiwahisha zaidi kadiri mwendo unavyopanda. Ukikosea mwanzo, umekosea safari nzima.

Namna walivyoiweka alama hiyo inanifurahisha hadi leo. Kiwiliwili cha injini ya Volkswagen ni vipande viwili vya aloi ya magnesi vilivyobanwa pamoja kama maganda mawili ya njugu, na mahali vinapokutana pana mshono ulionyooka juu kabisa, nyuma tu ya puli. Mshono huo ndio kielekezi. Magari mengine yana kibati chenye namba au kijiti cha chuma, na vitu hivyo hupinda, huvunjika au hupotea kwenye mikono ya watu. Mshono haupotei mpaka injini yenyewe ife. Upande wa pili wa kipimo uko kwenye puli: vikato viwili vidogo vya umbo la V ukingoni, cha nyuzi 7.5 na cha nyuzi 10. Puli nyingi za miaka ile hazikuwekewa alama ya kilele chenyewe. Kikato kikikabili mshono, umefika.

Mshono ulikuwepo. Vikato ndivyo vilivyoliwa. Puli ya miaka karibu 60 imepita katika matope ya masika, vumbi, kutu, grisi, mikanda iliyokatika ikaupiga ukingo, msasa wa aliyetaka ing'ae na rangi ya aliyetaka ipendeze. Halafu wapo mafundi wenyewe. Kila aliyeshindwa kuiona alama ya kiwanda aliweka yake, kwa tindo au kwa msumeno wa chuma, akaenda zake bila kumwambia mtu maana yake.

Magari haya yalikuwa na heshima kubwa hapa kwetu. Mbio za Safari zilipoanza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, Alan Dix ndiye aliyefanya vizuri kuliko wote, na alikuwa ndani ya Volkswagen. Mwaka uliofuata Vic Preston akashinda kwa gari la aina hiyohiyo, na Volkswagen ikarudia mwaka 1957 na 1962. Walimu, makarani, wauguzi na mapadri waliyanunua kwa sababu hayana rejeta ya kuchemka wala maji ya kuongeza. Hewa tu ndiyo huyapoza. Duniani yalitengenezwa zaidi ya milioni 21, la mwisho likitoka kiwanda cha Puebla, Meksiko, mwezi Julai 2003. Lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu la zaidi ya miaka 8, kwa hiyo Volkswagen ya aina hii unayoiona leo barabarani ni mabaki ya yale yaliyokuwapo. Yanapungua tu. Na waliojua kuyaweka sawa nao wanapungua, jambo linaloniuma zaidi, maana chuma kinaweza kuchongwa upya.

Machakos ni mji wa magari kwa sababu ya historia yake. Reli ya Uganda iliupita pembeni, ikafika Nairobi mwaka 1899 na makao ya serikali yakaifuata huko. Mji ukabaki na barabara. Si ajabu kwamba kituo kikuu cha mabasi ya mashambani jijini Nairobi kinaitwa Machakos. Watu wa huku wamezoea kutegemea magurudumu, na pale penye magurudumu mengi mafundi huzaliwa. Fundi wangu alianza kazi akiwa kijana wa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa.

Turudi kwenye puli. Mimi, kwa papara, nilipendekeza tuchague ile alama iliyokuwa wazi zaidi, mkato wa msumeno uliokuwa bado na chembe za rangi nyeupe. Mzee akatikisa kichwa.

“Iliyo wazi ni ya mtu wa mwisho. Wewe unataka ya kwanza.”

Akasema hatutaiamini alama yoyote mpaka tupate kilele cha pistoni kutoka kwa pistoni yenyewe. Akaanza kwa kutoa plagi zote nne ili injini igeuke bila kushindana na mbano. Silinda ya kwanza ya gari hili iko upande wa kulia, ile iliyo mbele zaidi, ndani kabisa chini ya mabati, na kuirudishia plagi huko ni kazi ya kufunga macho. Mzee huchomeka plagi kwenye kipande cha bomba la mpira na kuizungusha kwa ncha za vidole mpaka ishike hesi.

Nikachukua bisibisi ndefu, nikaiingiza katika tundu la plagi ili nihisi pistoni ikipanda. Ndivyo nilivyowahi kuona ikifanywa. Bisibisi inasukumwa nje, inasimama, inaanza kurudi; pale iliposimama ndipo kileleni. Mzee aliniacha nifanye mara tatu na kuweka alama ya kalamu kila mara. Alama zangu tatu zilipishana karibu sentimita nzima.

Sababu niliikokotoa baadaye jioni kwa daftari. Pistoni ya injini hii husafiri milimita 69 kutoka chini hadi juu, lakini karibu na kilele mwendo wake unakufa. Kranki ikiwa nyuzi 5 kabla ya kilele, pistoni imebakiza chini ya sehemu mbili za kumi za milimita moja. Ikiwa nyuzi 7.5, imebakiza chini ya sehemu nne za kumi. Hakuna mkono wa binadamu unaohisi hayo kupitia bisibisi. Puli inazunguka, pistoni ni kama imelala.

“Si umewahi kwenda Kituluni?” mzee akaniuliza. Nani wa Machakos hajaenda. Ni kile kilima cha mashariki mwa mji ambako watu humwaga maji barabarani na kuyaona yakipanda, huzima gari na kuliona likijivuta kuelekea juu. Umbo la ardhi linadanganya jicho, na jicho linaapa kwamba limeona kweli. “Mkono wako umekwenda Kituluni,” akasema, bila kucheka, na akaendelea na kazi.

Njia yake ni ya kale na ni safi. Alikuwa na plagi kuukuu aliyoivunja udongo wake wa ndani, akabakiza ganda la chuma, na ndani ya ganda akatia boliti ndefu yenye kichwa kilichosuguliwa kuwa mviringo. Akaifunga mahali pa plagi ya silinda ya kwanza. Boliti ikachomoza ndani ya silinda, kizuizi cha kuikataza pistoni isifike juu. Kisha kwa spana, taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto, akaigeuza injini kuelekea kulia mpaka pistoni ikagusa boliti na kugoma. Akachora mstari wa penseli kwenye puli mkabala na mshono. Akaigeuza kuelekea kushoto, karibu mzunguko mzima, mpaka ikagoma tena kutoka upande wa pili. Mstari wa pili.

Hapo ndipo uzuri wenyewe ulipo. Boliti haijui kilele kiko wapi, na hatuhitaji ijue. Pistoni iligoma kwa kimo kilekile ikipanda na ikishuka, kwa hiyo kilele kiko katikati ya mistari miwili, lazima. Na pale ilipogoma haikuwa karibu na kilele ambako mwendo unakufa. Ilikuwa mbali, ambako kugeuza kidogo tu kunaisogeza pistoni waziwazi. Makosa ya mkono yanakuwa madogo.

Mzee akakata ukanda wa karatasi kutoka gunia la saruji, akauzungusha kwenye puli, akaukata pale ncha zilipokutana. Tukaulaza juu ya boneti na rula ya shule. Urefu milimita 549. Mistari miwili ya penseli ilikuwa imeachana milimita 84. Nusu yake 42. Akaweka nukta ya katikati, akaandika K kwa kilele. Mduara una nyuzi 360, kwa hiyo kila uzi mmoja juu ya puli hii ni milimita moja na nusu na kidogo. Nyuzi 7.5 ni milimita 11.4. Nyuzi 10 ni 15 na robo.

Lakini upande upi? Hapa ndipo wengi hupotea. Ukisimama nyuma ya gari, puli ya Volkswagen huzunguka kwa mwendo wa saa. Alama inayotakiwa kuufikia mshono kabla ya kilele lazima iwe kulia kwa kilele. Ukiiweka kushoto, cheche itapiga pistoni ikiwa imekwisha kuanza kushuka, na gari litakuwa kama mtu anayepiga makofi wimbo umekwisha.

Tukarudi sasa kwenye zile alama tano tukiwa na ukanda mkononi, na kila moja ikakiri yake.

Mbili hafifu kabisa, ambazo chaki iliziokota kama mikunjo ya ngozi, zilikuwa kulia kwa kilele, moja kwenye milimita 11 na nusu, nyingine 15 na kidogo. Vikato vya kiwanda. Vilikuwepo muda wote. Ya tatu, ya tindo, nzito na pana, ilikuwa kushoto, milimita 12. Aliyeipiga alipima vizuri akakosea upande, na nina hakika gari liliwahi kuwekwa kwa alama ile, maana nakumbuka msimu mmoja baba alipokuwa akiliacha chini ya mlima na kumalizia kwa miguu. Ya nne ilikuwa upande wa pili wa puli kabisa, milimita 274 kutoka kilele, nusu ya mduara. Haikuhusu taimingi. Ni ya kurekebishia valvu, kwani kwenye injini hii unapomaliza silinda moja unageuza kranki nusu mzunguko ndipo uende nyingine. Aliyeikata alikuwa fundi mwangalifu, na mzee akasema angependa kumjua.

Ya tano ndiyo ule mkato wa msumeno wenye rangi. Kulia, milimita 21, karibu nyuzi 14.

Niliuita kosa. Mzee hakukubali upesi. Machakos iko takriban mita 1,600 juu ya bahari, na hewa huku imepungua kwa karibu moja ya sita ikilinganishwa na Mombasa. Petroli katika hewa haba ndani ya silinda huwaka polepole zaidi, kwa hiyo injini ya milimani huvumilia, na mara nyingine hutaka, cheche iliyowahi kidogo. Mafundi wa zamani walilijua hilo kwa kuendesha. Aliyekata msumeno huenda alikuwa akilitafutia gari nguvu ya kupanda, na alipata. Lakini nyuzi 14 ni nyingi mno kwa injini hii, na silinda ya tatu ndiyo hulipa, kwa kuwa kipoza mafuta kimesimama mbele ya njia yake ya hewa na kuifanya iwe ya moto kuliko wenzake. Baadhi ya distributa za Volkswagen zilichongwa kabisa ili silinda ya tatu icheleweshwe kidogo, kwa sababu kiwanda chenyewe kiliijua shida hiyo.

Tukaamua nyuzi 7.5, na tukilipandisha Iveti likiwa halina dalili ya kugonga, tutasogeza hadi kikato cha 10, tusizidi hapo.

Kazi iliyobaki ilikuwa fupi. Kwanza pointi, swichi ndogo ndani ya distributa ambayo ikifunguka cheche hutoka, kwa sababu mwanya wake ukibadilika taimingi nayo inabadilika: sehemu nne za kumi za milimita, ukapimwa kwa kipande chembamba cha chuma. Kisha rota, mkono unaozunguka ndani ya distributa, ikaelekezwa kwenye alama iliyo mdomoni mwake, ili tujue ni kilele cha silinda ya kwanza na si cha ya tatu iliyo mzunguko mmoja mbele. Kikato cha 7.5 kikawekwa mkabala na mshono. Mzee akachukua balbu ndogo ya volti 6 yenye nyaya mbili, akaunganisha mmoja kwenye koili upande wa distributa, mwingine kwenye chuma cha injini, akaniambia niwashe swichi. Akaigeuza distributa kwa mwendo wa saa mpaka pointi zikafunga, kisha akairudisha pole pole, kinyume cha saa, akishusha pumzi. Balbu ikawaka. Akarudi nyuma ikazima, akaja tena ikawaka palepale. Akakaza nati ya kibano.

Gari lilishika kwa mguso wa kwanza wa stata. Siku hiyo tulipanda Iveti kwa gia ya tatu, mzee akiwa kiti cha abiria, dirisha wazi, sikio nje.

Tuliporudi alishika tupa, akaisawazisha alama ya tindo iliyokuwa kushoto mpaka ikatoweka. Ya valvu akaiacha. Mkato wa msumeno nao akauacha, ila akaufuta rangi, na rangi mpya nyeupe akaitia katika kikato cha 7.5 kwa ncha ya njiti ya kiberiti. Akaniomba kalamu. Juu ya ule ukanda wa gunia la saruji akaandika tarehe, kilele, milimita za kila alama na maana yake, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika kwa bidii. Nimeukunja mara nne, uko ndani ya kisanduku cha mbele, pamoja na kile kipande cha chaki.